Muhuri wa Mwisho wa Nalongo

Makindye, Kampala

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili. Goti lako la kushoto linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia kwa mkono wa mke wa pasta unaitumia, au umeigawa kwa majirani kama ulivyogawa sweta zangu zote? Usiniandikie kwamba goti limepona. Dada ameshanisimulia jinsi unavyoteremka kisimani kinyumenyume, umeshika fimbo huku na huku. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, cherehani inazunguka, na unene niliouongeza hauna haja ya kuandikwa hapa.

Utashangaa kupata barua na juzi tu tumeongea kwa simu. Nitakueleza kwa nini, ila nakuomba usikimbilie ukurasa wa mwisho. Nakujua, Mama, wewe husoma barua kuanzia mkiani uone kama kuna msiba. Hakuna msiba. Anzia hapa, uende polepole.

Kwenye simu uliniuliza jambo. Ulisema, "Huyo mwenyekiti wenu ameacha kazi. Sasa nani anakujua huko?" Badala ya kukujibu nikaanza kukuuliza habari za kuku.

Najua swali hilo lilikotoka. Kwenye lile bati la biskuti chini ya kitanda chako kuna barua tatu ulizomwandikia mdogo wako, Mjomba Mwakio, aliyekuja Kampala na kazi ya reli kabla mimi sijazaliwa. Zote tatu zilirudi zimeandikwa kwa kalamu nyekundu neno moja: Hajulikani. Mpaka leo hatujamwona yeye wala kaburi lake. Nilipokuambia nakuja huku kushona, ulikaa siku mbili hunisemeshi. Siku ya tatu ukasema nikae popote ninapotaka, lakini si mahali ambapo hakuna anayenijua. Miaka yote hii nimekutuliza kwa jina moja tu, Nalongo. Sasa Nalongo ametoka ofisini na wewe unataka nifunge mizigo kabla ya Krismasi. Basi kwanza nikusimulie tulivyomuaga, halafu utaamua.

Nalongo si jina lake. Huku mwanamke aliyezaa mapacha huitwa hivyo mpaka anaingia kaburini, na jina la ubatizo la huyu wetu nimelisikia mara moja tu, kanisani. Alikuwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, serikali ndogo kuliko zote lakini ndiyo inayokushika shati. Bila barua yake yenye muhuri hupangi chumba, huandikishi mtoto shule, na hata polisi ukienda kulalamika watakuuliza kwanza kama umepita kwa mwenyekiti. Alianza vita vya huku vilipokwisha, miaka ya themanini, mabaraza yalipokuwa bado yanaitwa RC, akishughulikia mambo ya akina mama. Baadaye wakampa kiti chenyewe. Ofisi hakuwa nayo. Alikuwa na meza barazani kwake, daftari nene lenye jalada la plastiki, na muhuri anaoufunga kwenye pindo la kitambaa chake kama unavyofunga wewe funguo za stoo.

Kuna jambo moja alilokuwa nalo ambalo sijaliona kwa kiongozi mwingine yeyote, awe wa kwetu au wa huku. Hakumpigia mtu muhuri kabla yeye mwenyewe hajaenda kunywa chai nyumbani kwa mtu huyo. Nilipofika mara ya kwanza na begi langu, nikamwomba barua ya kumpa mwenye nyumba aliyeniruhusu kulala siku chache kwanza, alinitazama juu mpaka chini akasema, "Wewe rudi kwa nyumba. Mimi nakuja." Nikajua nimenyimwa. Mchana akaja kweli, peke yake, na daftari kwapani. Kiti sikuwa nacho, akakaa kitandani. Nilimpa chai kwenye kikombe cha kupimia mchele, akanywa yote. Halafu akaniuliza, "Mama yako anaitwa nani? Kwenu ni wapi? Wewe ukipotea, nani atalia?"

Nilimwambia wewe ndiye utakayelia. Akakuandika, Mama. Hujawahi kukanyaga Kampala, lakini jina lako limo kwenye daftari la zoni yetu, ndivyo wanavyouita mtaa, na kijiji chetu, na jina la kanisa letu ili wapate pa kuuliza. Sijui kwa nini sijawahi kukuambia. Labda niliona ni mambo ya ofisi tu.

Unamkumbuka Furaha, jirani yangu wa Kongo anayeuza vitenge, yule aliyekusalimu kwenye simu mkaongea mpaka salio langu likaisha? Alikuja kwenye zoni yetu kwa sababu ya daftari hilohilo. Kaka yake alikuwa kibarua wa ujenzi hapa, akaugua ghafla akafariki chumbani, hana ndugu, hana kitambulisho. Watu wengine walisema apelekwe wanakozikwa wasio na wenyewe. Nalongo alikataa. Alifungua daftari, akakuta kijana yule alimtaja dada aliyeko kwenye kambi ya wakimbizi, mbali huko. Alipanda basi mwenyewe akamtafuta Furaha siku mbili, akarudi naye, na kaka mtu akazikwa na dada yake akiwa amesimama pale. Furaha husema kwamba tangu siku hiyo hakuona sababu ya kuishi mahali pengine. Mimi humwambia angalau angechagua mahali penye maji ya bomba yasiyokatika.

Sasa basi, uchaguzi wa mabaraza ulikuwa umeahirishwa na kuahirishwa mpaka tukasahau kwamba upo. Ulipoitishwa, Nalongo akasema hagombei, miguu imechoka. Huku wanapiga kura kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Ndiyo, Mama, mlolongo, uleule wa kwetu wa zamani uliomfanya marehemu Baba asuse kura mpaka mwisho. Usiniulize mimi, mimi ni mgeni, nilikaa pembeni na Furaha tukitazama. Wagombea wawili walisimama kwenye uwanja wa kanisa. Nalongo naye alisimama pembeni na mwavuli wake, amekuja kushuhudia tu. Bibi mmoja mzee akatoka moja kwa moja akasimama nyuma ya Nalongo. Mwingine akamfuata bibi. Kabla hujahesabu kumi, nusu ya zoni ilikuwa nyuma ya mtu asiyegombea.

Nalongo akageuka akawaona. Akahama upande wa pili, mstari ukahama naye. Akaenda kwenye kivuli cha ukuta, nao wakaenda. Afisa aliyekuja kuhesabu aliweka kalamu mfukoni akashika kichwa. Mwishowe Nalongo akakaa chini kwenye nyasi, miguu ameinyoosha, akapaza sauti kwa lile "jamani" lao, "Bambi, mimi nimechoka! Nyinyi nataka mimi nikufe kwa hii kiti?" Watu wakacheka, wengine wakalia, mimi nikiwa mmoja wa waliolia, ingawa si nchi yangu na wala kura sina. Kisha akainuka, akajipangusa, akaenda akasimama nyuma ya Kaggwa, fundi wa umeme wa mtaa wetu. Nusu ile ikamfuata hukohuko, na Kaggwa akawa mwenyekiti.

Wiki iliyofuata ikaitwa kikao cha kupanga sherehe ya kumuaga. Mmoja akasema mbuzi, mwingine akasema kiti cha sofa. Katibu wa zoni, mzee mpole anayevaa koti hata jua likiwaka, akasema mama kama huyu apewe gomesi mpya ya hariri. Gomesi umeiona kwenye picha zangu, lile vazi lao refu la heshima, lenye mabega yaliyochongoka na mkanda mpana unaofungwa chini ya kiuno. Wote wakakubali. Akauliza ipelekwe kwa fundi gani. Mdomo wangu unaujua, Mama. Kabla akili haijaniuliza nilikuwa nimeshasimama nikisema, "Mimi nitaishona. Nalongo ndiye aliyenipa mahali pa kuweka cherehani."

Mama mmoja akasema, "Huyu Mukenya anajua gomesi?" Nikasema naijua. Uongo mtupu. Nimeshona sare za shule, mapazia, suruali za mabosi na nguo za maharusi, lakini gomesi nilikuwa naiona inapita tu barabarani. Ila siku hiyo niliona kama nikikaa chini nitabaki mgeni mpaka mwisho.

Furaha alikwenda mjini akachagua kitambaa, rangi ya zambarau yenye maua madogo. Vipimo vilikuwa taabu kwa sababu zawadi ilikuwa siri. Lakini Nalongo alikuwa ameniletea gauni lake la kazini nibadilishe zipu, basi nikalipima gauni hilo kila upande, nikaandika, nikashona siku nne. Nilimaliza nikaitundika ukutani, nikaita Furaha. Tulishikana mikono tukaiangalia. Nilijiambia mwanao ameiva.

Siku ya sherehe turubai zilifungwa uwanjani, viti vikakodiwa, ngoma zikaanza kulia. Nalongo aliletwa kwanza chumbani kwangu ili akute zawadi na kuivaa kabla ya kuingia. Tulikuwa watatu, yeye, Furaha na mimi. Alipoiona alifunika mdomo kwa mkono. Kisha akavua gomesi yake ya zamani, na ndipo nikaona kitu ambacho mtoto yeyote wa Kampala angeniambia bure. Ndani, kiunoni, alikuwa amejifunga kikoyi kizito, kimezungushwa mara mbili. Mama, gomesi haivaliwi bila kikoyi. Ndicho kinachoijaza nyonga na kuzuia nguo isigande mwilini. Mimi nimeziona gomesi miaka yote hii kwa nje tu, na nikampima Nalongo kwa gauni la kazini asilolivalia kikoyi chochote.

Aliivaa. Mkunjo wa mbele haukufika pembeni, na chini ikapanda mpaka vifundo vya miguu vikaonekana vyote viwili. Nje watu zaidi ya mia walikuwa wanaimba wakimsubiri. Nilitamani sakafu ifunguke. Furaha akasema tu, "Yesu wangu," akakaa kitandani.

Nalongo alijitazama kwenye kioo changu kidogo, akajigeuza. "Wewe Wakesho," akasema, "hii nguo ulishona kwa mutu gani? Kwa mutu ya njaa?"

Nilianza kulia. Nikamwambia kweli yote, kwamba sikuwahi kushona gomesi, kwamba nilidanganya kwenye kikao. Akaniuliza, "Sasa kwa nini wewe haukuuliza?"

"Niliogopa watasema Mkenya hajui."

"Kwani kutojua ni wizi?" Akavua nguo akaiweka mezani. "Mimi nilikaa kwa hii kiti kwa sababu nauliza. Kila siku nauliza. Kitambaa imebaki?"

Hapo nikaona aibu ya pili. Kilikuwa kimebaki kipande kizuri, ambacho kwa haki ni cha zoni, lakini mimi nilikuwa nimeshakikunja chini ya godoro nijishonee foronya. Unajua mafundi tulivyo. Nilikitoa mbele yake bila kumwangalia usoni. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akamtuma Furaha akamwambie Katibu watu waanze kula kwanza, hotuba zitafuata. Katibu alishangaa, kwa sababu huku watu hawali kabla ya hotuba, lakini nasikia hakuna aliyelalamika.

Nikafumua upande mzima na pindo la chini. Nalongo alikaa karibu na cherehani, amejifunga kikoyi chake na leso yangu mabegani, akinishikia kitambaa kisiburute. Wageni wake wako nje na yeye ananishikia kitambaa. Ili kunituliza akaanza kunisemesha. Akaniuliza mama anasemaje nyumbani. Nikamweleza swali lako la kwenye simu. Nikamweleza habari za Mjomba Mwakio na zile barua tatu.

Kisha akaniambia jambo ambalo hajawahi kulisema barazani. Mume wake naye alichukuliwa na askari, asirudi, katika miaka ile mibaya kabla ya vita kwisha. Alikwenda kumuulizia ofisi moja baada ya nyingine akiwa na mapacha, mmoja mgongoni na mmoja mkononi. Kila mlango walimjibu neno moja, kwamba hatumjui. "Mimi nikasema, kama mimi napata kitabu na kalamu, hapa kwetu hakuna mutu ya kuambiwa hivyo. Ndiyo hii kazi yangu. Hii mingine ya taka na mitaro, hiyo nilifanya tu."

Niliendelea kushona nikiwa sioni vizuri sindano ilipo. Miaka yote nilidhani chai ile ni tabia ya mama mzee anayependa kutembelea watu.

Nilipomaliza aliivaa tena. Safari hii ilishuka mpaka chini, ikakaa, mkanda ukafungwa, na ule upande wenye kipande changu cha foronya wala huwezi kuujua usipoambiwa. Alijigeuza mbele ya kioo akasema, "Kale," yaani haya, "sasa ni ya mutu ameshiba." Tukamfungulia mlango. Sauti iliyopanda uwanjani, Mama, mngeisikia huko Taita kama upepo ungekuwa upande wenu. Watoto aliowaandikia barua za shule walikuwapo na watoto wao. Kaggwa alisema maneno machache, yeye si msemaji, lakini alisema jambo moja lililowatosha wote. Alisema wiki nzima Nalongo alimzungusha nyumba kwa nyumba na daftari, na kila nyumba alilazimika kunywa chai, mpaka usiku halali. Ni kweli. Kwangu pia walikuja. Kaggwa alikaa kwenye kiti, maana siku hizi viti ninavyo, akaniuliza kwa haya kubwa nikipotea nani atalia. Nilimtajia jina lako, na nikaona anahakikisha kama limeandikwa sawasawa.

Lakini nimeruka jambo moja. Kabla hatujamfungulia mlango, Nalongo alisema, "Leta karatasi ya barua." Nikampa. Akauliza kama wewe unasoma Kiswahili, nikasema unasoma kuliko mimi. Aliandika chini kabisa ya ukurasa, polepole, akitaja kila neno kwa midomo. Akafungua pindo la kile kitambaa anachofungia muhuri, akaupuliza, akaugonga. Ndipo akatoka, na muda mfupi baadaye akaukabidhi kwa Kaggwa mbele ya watu wote, kidole gumba chake bado kina wino.

Kwa hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Simu haipigwi muhuri. Nimebana mwandiko kwenye ukurasa huu wa mwisho ili usigusane na alichoandika yeye.

Krismasi nitakuja, Mama, nitakaa wiki mbili, nitakuchua goti mwenyewe, halafu nitarudi kwenye cherehani yangu. Mama yule aliyeniuliza kama najua gomesi ameshaniletea kitambaa nimshonee ya kwake, na safari hii nimempima akiwa na kikoyi. Ukipona vizuri twende wote ukamwone Nalongo. Amesema kikombe chako kipo.

Nisalimie dada na mumewe, umwambie shemeji asiuze yule ng'ombe mwekundu kabla sijafika. Msalimie baba mdogo anayekesha shambani kufukuza ndovu, na bibi wa ng'ambo ya mto aliyenifundisha kutia uzi kwenye sindano. Pasta na mke wake pia. Na ukifungua bati la biskuti kuweka barua hii, iweke juu ya zile tatu.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Wakesho

*

Mama Wakesho. Mimi ni Nalongo, mwenyekiti. Huyu mutoto wako mimi najua yeye. Najua nyumba yake, najua kazi yake, najua akikohoa. Ndugu yako sikumujua, naomba samahani kwa hiyo. Hii ni muhuri ya mwisho mimi napiga. Nimepigia wewe.